Safu ya Mbele ya South Carolina Msimu wa 2025–26: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wapenzi wa kikapu cha wanawake wamekuwa wakiyarudia katika wiki hizi za Oktoba 2025, msimu mpya wa vyuo vikuu vya Marekani ukiwa karibu kuanza. Yanahusu timu moja, ile ya Chuo Kikuu cha South Carolina, na sehemu moja ya timu hiyo, yaani wachezaji wake warefu. Mengi yanatoka kwa wasomaji wa Kenya, na sababu yake itaonekana mbele kidogo.

## Mambo ya msingi

Safu ya mbele ni akina nani?

Katika kikapu, wachezaji watano walio uwanjani hugawanywa katika makundi mawili. Walinzi, ambao kwa kawaida ni wafupi na wepesi, hupandisha mpira, huchezesha wenzao na hutupa kutoka mbali. Safu ya mbele ni mafowadi na senta, ambao kazi yao kubwa hufanyika karibu na kikapu: kudaka ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa), kuzuia mitupo ya wapinzani, kuweka vizuizi ili mlinzi apate nafasi, na kufunga wakiwa wamebanwa mgongoni.

Timu nyingi za kisasa huchezesha walinzi wanne na mtu mmoja mrefu. South Carolina chini ya kocha Dawn Staley, aliyeanza kuifundisha mwaka 2008, mara nyingi imefuata njia nyingine ya kuwaweka warefu wawili kwa pamoja. Hapo walipita A'ja Wilson, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2018 katika drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, Aliyah Boston, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2023, na Kamilla Cardoso kutoka Brazil, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2024. Mataji matatu ya chuo hicho, ya 2017, 2022 na 2024, yote yalipatikana kukiwa na mmoja au zaidi kati ya hao chini ya kikapu.

Kwa nini kuwe na wasiwasi kwa timu iliyocheza fainali mwezi Aprili?

Ni kweli kwamba South Carolina ilimaliza msimu wa 2024–25 ikiwa na ushindi mara 35 na vipigo vinne tu, na ilifika fainali mjini Tampa. Ila fainali hiyo iliisha kwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kushinda 82–59, na Sarah Strong, fowadi aliyekuwa mwaka wake wa kwanza chuoni, alifunga pointi 24 na kudaka ribaundi 15. Mwezi Februari UConn walikuwa tayari wamewafunga 87–58 mjini Columbia, kwao South Carolina, na kukomesha mfululizo wa ushindi 71 wa nyumbani, na mwezi Novemba kabla ya hapo UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), wakiwa na senta Lauren Betts mwenye urefu wa mita 2.01, walishinda 77–62.

Vipigo hivyo vilikuja wakati South Carolina ikiwa na kikosi kipana. Safari hii kikosi ni chembamba, na kimepungua zaidi mahali palepale pa warefu.

Nani ameondoka, na nani yupo lakini hatacheza?

Aliyeondoka ni Sania Feagin, fowadi wa mita 1.91 aliyekuwa akianza chini ya kikapu. Alimaliza masomo na kuchaguliwa na Los Angeles Sparks katika drafti ya 2025.

Waliopo na hawatacheza ni wawili. Ashlyn Watkins alichanika kano ya mbele ya goti mwezi Januari 2025 katika mechi dhidi ya Mississippi State, na majira ya joto ikatangazwa kwamba hatacheza msimu wa 2025–26. Kisha mwanzoni mwa Oktoba, mazoezi yakiwa yameshika kasi, ikatangazwa kwamba fowadi Chloe Kitts naye amechanika kano kama hiyo na atakosa msimu mzima. Kuondoka kwa Feagin kulitarajiwa, na kukosekana kwa Watkins kulishapangiwa. Pigo la Kitts limeikuta timu baada ya usajili kufungwa, na hilo ndilo lililozua maswali mengi yaliyo hapa.

Kwa hiyo wamebaki warefu wangapi?

Wanne: Madina Okot (mita 1.98), Adhel Tac (1.96), Maryam Dauda (1.93) na Joyce Edwards (1.91). Ukiwaangalia kwa kipimo cha urefu pekee, hakuna pengo. Ukihesabu ni wangapi kati yao wamewahi kubeba dakika nyingi katika mechi kubwa, wanabaki wawili.

## Waliobaki

Madina Okot ni nani?

Ni senta kutoka Mumias, magharibi mwa Kenya, aliyesoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda Marekani. Msimu wake wa kwanza huko ulikuwa 2024–25 akiwa na Mississippi State, ambako alipata wastani wa pointi 11.3 na ribaundi 9.6 kwa mechi, akiingiza karibu mitupo miwili katika kila mitatu aliyojaribu. Mwezi Aprili 2025 alihamia South Carolina.

Takwimu hizo zinapendeza zaidi ukikumbuka kwamba alianza kikapu akiwa amechelewa sana ukilinganisha na wenzake wa Marekani, ambao wengi huwa wamefundishwa na makocha wa kulipwa tangu utotoni. Kilichonivutia kwake siku zote ni mikono. Hudaka mpira ulio juu kuliko vichwa vya wote na kuubakiza huko huko juu, bila kuushusha mahali ambapo walinzi wafupi wanaweza kuupokonya. Makocha huhangaika miaka kuwafundisha warefu jambo hilo, na yeye analifanya kama kitu cha kawaida.

Je, Okot atakuwa Cardoso mpya?

Ulinganisho huu unarudiwa kila mahali, na unaeleweka: wote ni masenta warefu waliotoka nje ya Marekani na kuhamia South Carolina baada ya msimu mmoja kwingineko. Cardoso alianzia Syracuse.

Hata hivyo kuna tofauti inayopaswa kuzingatiwa na kila mtu anayetaka kumtendea haki Okot. Cardoso alifika Columbia mwaka 2021 na kukaa misimu miwili nyuma ya Boston, akijifunza kwa dakika chache bila mzigo mkubwa begani. Alipokabidhiwa nafasi msimu wa 2023–24, timu ilishinda mechi zote 38 na yeye akatajwa mchezaji bora wa fainali za kitaifa. Okot hapewi muda huo. Ameorodheshwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na tangu mechi ya kwanza atatakiwa kuanza, kukaba masenta bora wa nchi na kujifunza mfumo mpya, vyote kwa pamoja. Kumdai mwezi Novemba yale aliyoyafanya Cardoso katika mwaka wake wa nne wa chuo si haki.

Je, kasoro zake ni zipi?

Kubwa ni faulo, ambayo ina swali lake mwenyewe hapo chini. Ya pili ni kupasi mpira anapobanwa na wakabaji wawili, kwa sababu msimu mmoja wa ligi ngumu hautoshi kumzoesha mtu kuona wapi mwenzake ameachwa wazi. Ya tatu ni kukaba mbali na kikapu: wapinzani watamvuta hadi kwenye mstari wa pointi tatu ili eneo la chini libaki tupu.

Kuna kanuni moja inayomsaidia. Kikapu cha vyuo vikuu hakina ile sheria ya WNBA inayomkataza mkabaji kukaa zaidi ya sekunde tatu chini ya kikapu chake bila kumkaba mtu kwa karibu. Kwa hiyo Okot anaweza kubaki karibu na kikapu na kuwasubiri wanaokuja, mradi wenzake wazibe mitupo ya mbali.

Joyce Edwards atacheza nafasi gani?

Atakuwa fowadi mkubwa, pembeni mwa Okot, na kuna nyakati atakuwa senta. Binti huyu wa Camden, mji ulio katika jimbo hilohilo la South Carolina, aliongoza timu kwa ufungaji msimu uliopita, wastani wa pointi 12.7, akiwa mwaka wa kwanza na akitokea benchi karibu msimu wote. Sasa ataanza.

Mashabiki wengi wanachukulia kwamba akiongezewa dakika pointi zitaongezeka tu zenyewe. Natarajia ataongoza tena, ila mwaka jana aliingia wakati wapinzani wameshachoka kwa kupambana na Kitts na Feagin, na mara nyingi alikabwa na mchezaji wa akiba. Mwaka huu atakabwa na fowadi bora wa kila timu kuanzia dakika ya kwanza, na upande wa pili wa uwanja itambidi amkabe huyohuyo. Nguvu anazo na ana kasi ya kukimbia uwanja mzima kuliko fowadi yeyote ninayemfahamu katika umri wake. Jambo la kuangalia ni kama mtupo wake wa umbali wa kati utamlazimu mkabaji atoke nje, kwa kuwa asipotoka, yeye na Okot watajikuta wamebanana mahali pamoja.

Maryam Dauda na Adhel Tac wako tayari?

Dauda ana uzoefu, kwani amepitia Baylor na Arkansas kabla ya kufika Columbia, na anaweza kutupa kutoka mbali, sifa ambayo warefu wenzake hawana kwa kiwango hicho. Msimu uliopita alipata dakika chache. Kwa mchezaji aliyekomaa kama yeye, dakika kumi hadi kumi na tano zenye utulivu zinatosha kuibadilisha timu, na pengine hakuna mtu ambaye kuumia kwa Kitts kumemfungulia mlango zaidi yake.

Tac ni mchanga zaidi. Alijiunga na timu mapema, Januari 2024, akiwa bado anauguza goti, na mwaka wake wa kwanza uwanjani ulikuwa wa kujifunza. Ana umbo la senta wa kweli na anapenda kugombana chini ya kikapu. Mara ya kwanza Okot atakapokaa benchi mapema, macho yatamgeukia yeye.

## Uwanjani

Pengo la Kitts ni kubwa kiasi gani hasa?

Kwa maoni yangu ni kubwa kuliko takwimu zake zinavyoonyesha, ingawa takwimu zenyewe si ndogo: pointi 10.2 na ribaundi 7.7 kwa mechi, pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ya 2025 ya SEC, ukanda wa vyuo ambamo South Carolina hucheza.

Kitts ndiye aliyewaunganisha walinzi na warefu. Alisimama karibu na mstari wa mitupo huru, akapokea mpira, na kutoka hapo akaamua: ampasie mrefu mwenzake chini ya kikapu, amrudishie mlinzi anayekimbilia pembeni, au aende mwenyewe. Mchezo wa warefu wawili hautegemei urefu wao peke yake. Unategemea mmoja wao kuwa na macho ya mlinzi, na kati ya wanne waliobaki hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa msimu mzima. Edwards anaweza kuijifunza, na nadhani kocha atamsukuma huko, lakini kila anapokaa juu kuchezesha anakuwa mbali na mahali anapofunga vizuri zaidi.

Tena Kitts angekuwa mwaka wake wa nne. Wachezaji waliomzunguka walijua atakuwa wapi kabla hajafika, na mazoea ya namna hiyo hayajengwi kwa mwezi mmoja.

Itakuwaje Okot akipata faulo mbili katika robo ya kwanza?

Hili ndilo swali ambalo, kwangu mimi, linabeba msimu mzima. Mchezaji wa chuo hutolewa akifikisha faulo tano, na mechi ina dakika 40 zilizogawanywa katika robo nne. Kocha mwenye hadhari humtoa mchezaji aliyepata faulo mbili mapema ili asimpoteze mwishoni. Mwaka jana kumtoa senta hakukuwa na gharama: alitoka Feagin, akaingia Edwards, na huenda timu ikawa bora zaidi. Mwaka huu akitoka Okot, ama Edwards anahamia kwenye usenta na nafasi yake inazibwa na Dauda, ama Tac anaingia moja kwa moja.

Wapinzani wanajua hesabu hiyo. Watampelekea mpira mchezaji wao anayekabwa na Okot kuanzia dakika ya kwanza, wakitafuta faulo kuliko pointi. Kuna jambo la pili linalosahaulika: kuanzia faulo ya tano ya timu katika kila robo, kila faulo humpa mpinzani mitupo miwili huru, kwa hiyo senta mwenye pupa huwaumiza hata wenzake. Okot akiweza kuinua mikono wima na kuacha vikapu viwili vitatu vipite bila kugusa mtu, atakuwa ameisaidia timu kuliko kwa kuzuia mitupo mitano.

Kwa nini wasicheze na walinzi wanne?

Watacheza hivyo kwa vipindi, na walinzi wanao. Raven Johnson, Tessa Johnson na Maddy McDaniel wamerudi, na Ta'Niya Latson amehamia kutoka Florida State akiwa ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa ufungaji msimu uliopita, wastani wa pointi 25.2. Latson na Raven Johnson walisoma shule moja ya sekondari huko Atlanta, hivyo kuelewana kwao hakuanzi sifuri. Wamo pia wanafunzi wapya wawili wenye urefu wa kutosha kucheza pembeni kama mafowadi wadogo, Ayla McDowell (1.88) na Agot Makeer kutoka Kanada (1.85).

Mpango huo unaongeza kasi na mitupo ya mbali. Gharama yake ni ribaundi, na timu hii imezoea kushinda mechi mbaya kwa ribaundi na ukabaji. Njia ya kufika fainali ya 2025 ilipitia ushindi wa 71–67 dhidi ya Maryland na 54–50 dhidi ya Duke. Mechi yenye pointi 54 haishindwi kwa mitupo ya mbali.

Ribaundi za Kitts na Feagin zitadakwa na nani?

Nyingi zitakuwa za Okot. Zilizobaki lazima walinzi wazifuate, na Raven Johnson amekuwa akifanya hivyo kwa miaka. Ninachokitilia shaka ni zile ribaundi ndefu zinazodunda hadi pembeni baada ya mtupo wa pointi tatu, kwani hizo hazimfikii senta. Kitts alizidaka sana. Makeer na McDowell wakizifuata, watapata dakika za kucheza haraka kuliko kwa kufunga.

## Wapinzani na ratiba

Ni timu zipi zitakazoipima safu hii?

Ya kwanza kwangu ni UCLA, kwa sababu Betts amerudi, naye ni mrefu kiasi cha kumtazama Okot kwa chini kidogo. UConn wana Strong, ambaye tatizo lake ni la aina nyingine: hachezi mahali pamoja, na Edwards ndiye atakayebebeshwa kazi ya kumfuata.

Ndani ya SEC, ambako kila timu hucheza mechi 16 za ukanda, Texas wana Madison Booker pamoja na Kyla Oldacre mwenye urefu sawa na wa Okot. Oklahoma wana Raegan Beers, mpana na mwenye mikono laini, ambaye naona ndiye atakayemtafutia Okot faulo kuliko wote. Kentucky wana Clara Strack. LSU wamempoteza Aneesah Morrow aliyekwenda WNBA, wakamsajili Kate Koval kutoka Notre Dame, hivyo na wao wanajenga upya.

Majibu yataanza kuonekana lini?

Mapema kuliko kawaida. Msimu unaanza tarehe 3 Novemba. Katikati ya mwezi kuna safari ya Los Angeles kucheza na USC (Chuo Kikuu cha Southern California), na wiki ya mwisho kuna mashindano ya Las Vegas yenye timu nne: South Carolina, Duke, Texas na UCLA. Mwisho wa Novemba tutakuwa tumemwona Okot mbele ya masenta wakubwa, kabla hata ya mechi za ukanda kuanza Januari. Fainali za kitaifa zitakuwa Phoenix mwezi Aprili 2026.

Mechi huonekana saa ngapi Afrika Mashariki?

Mechi inayoanza saa moja jioni kwa saa za Columbia inakuwa saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam. Kuanzia tarehe 8 Machi, Marekani watakapobadilisha saa zao, itakuwa saa nane usiku. Mechi za Jumapili mchana ndizo rahisi, kwa kuwa huangukia jioni au saa tatu nne za usiku.

## Maswali ya pembeni

Je, Kitts na Watkins wamepoteza nafasi yao ya kucheza chuoni?

Hapana. Mchezaji wa chuo ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Wote wawili wametumia mitatu, na mchezaji asiyegusa uwanja msimu mzima hahesabiwi kuwa ameutumia. Kwa hiyo kila mmoja amebakiwa na msimu mmoja, na wanaweza kurudi pamoja 2026–27. Kupona kano ya aina hii huchukua kwa kawaida miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya upasuaji, na kwa Kitts muda huo unaishia kabla ya msimu huo kuanza.

Kwa nini majeraha haya ya goti yanawapata wanawake mara nyingi hivi?

Wachezaji wa kike huchanika kano ya mbele ya goti mara kadhaa zaidi ya wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Madaktari wa michezo hutaja umbo la nyonga na goti, namna misuli ya paja inavyofanya kazi wakati wa kutua, na athari za homoni. Mazoezi ya kujifunza kutua magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea mbele, bila kuingia ndani, hupunguza hatari, lakini hayaiondoi. Mwezi Machi 2025 JuJu Watkins wa USC, mchezaji bora wa mwaka, aliumia vivyo hivyo. Klabu na shule zetu za Afrika Mashariki zingefanya vyema kuyaingiza mazoezi hayo katika kila kipindi cha kupasha mwili, kwani hayahitaji kifaa chochote.

Je, timu inaweza kuongeza mrefu msimu ukiwa umeanza?

Si kwa kumchukua mchezaji anayecheza chuo kingine, kwa sababu aliyecheza nusu ya kwanza ya msimu mahali pamoja hawezi kucheza nusu ya pili mahali pengine. Mlango uliobaki wazi ni wa mchezaji ambaye hajaanza chuo: anayemaliza sekondari mapema, au kijana anayetoka nje ya Marekani, akikubaliwa kusajiliwa kuwa mwanafunzi mwezi Desemba au Januari na kuidhinishwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani.

Njia hii si ngeni Columbia. Kitts mwenyewe alifika hivyo msimu wa 2022–23 na akacheza, na Tac alijiunga katikati ya msimu uliofuata. Mgeni wa Januari atakuwa na wiki chache za kujifunza mfumo kabla ya mechi ngumu za SEC, na simtarajii kubeba dakika nyingi. Hata hivyo mrefu wa tano anayeweza kucheza dakika sita bila kufanya makosa ya pupa angempa Staley uhuru wa kumpumzisha Okot katika robo ya pili, badala ya kumwacha uwanjani na faulo mbili.